Namba ya Chuma

Hapo zamani, na nikisema zamani nasema ya juzi tu, ninyi nyote mkiwa mmekwisha kuota meno, palikuwa na watu watatu huko Uyole, Mbeya, waliotengeneza kitu kimoja. Mmoja aliandika. Mmoja alikagua. Mmoja alitangaza. Washikeni hivyo hivyo vichwani, maana mwishoni nitawauliza, na atakayewachanganya hatapata la kujibu.

Aliyeandika aliitwa Subilaga. Alikuwa fundi simu, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwenye kibanda karibu na stendi. Alizoea kuinamisha kichwa hata anapoongea na watu, kwa sababu siku nzima macho yake yalikuwa kwenye skrubu ndogo kama punje za ulezi. Kuandika programu za kompyuta alijifunza mwenyewe, polepole, kati ya mteja na mteja.

Aliyekagua aliitwa Gwakisa, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya kutwa. Huyu hakuwahi kumpa mtu alama ya bure. Mwanafunzi akipata jibu sahihi akasahau kuandika kipimo, amekosa. Wanafunzi walimnung'unikia, lakini wakitaka kujua jambo la kweli walimwendea yeye.

Aliyetangaza aliitwa Tusekile. Alikuwa na mdomo wa kumuuzia mtu mwavuli wakati wa kiangazi, naye alikuwa binti wa Mama Vyuma.

Na Mama Vyuma ndiye nani? Jina lake Tumpale, ila tangu afungue yadi ya vyuma chakavu hakuna aliyemwita hivyo tena. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Siku moja katika shehena ya takataka za ofisi aliokota laptopu iliyopasuka kioo. Wengine wangeivunja watoe shaba. Yeye aliifuta vumbi kwa kanga, akaipeleka kibandani kwa Subilaga, akasema, "Mwanangu, hii nimekuletea wewe. Ukiifufua ni yako." Subilaga akaifufua. Na kwa kuwa kibanda chake kilikatikakatika umeme, Mama Vyuma akampa kona ya ofisi yake pale yadini, na meza, na chai ya maziwa kila Jumamosi.

Basi, kwenye laptopu hiyo Subilaga alikuta mchezo. Ndani ya mchezo huo kila kitu ni chembe. Ukimwaga mchanga, unaanguka na kujilundika. Ukimwaga maji, yanatafuta bonde. Ukiwasha moto, unapanda na kula kuni. Na humo mna watu wadogo, urefu wao kama kucha, wanaotembea huku na huko, wanaungua wakikutana na moto, wanazama wakikutana na maji. Walioutengeneza walikuwa watu wa mbali, lakini waliuacha wazi: mwenye kujua kuandika programu aliweza kuongeza vitu vyake mwenyewe.

Mwalimu Gwakisa alipita pale Jumamosi moja kutafuta mabati ya kuezekea banda la kuku, akamkuta Subilaga akicheza. Akaiona humo urani, jiwe la kijani lililolipuka kila lilipoguswa. Akacheka kwa uchungu.

"Huu ni uongo," alisema. "Urani ukiichimba haikurukii usoni. Wanafunzi wangu wakiona hivi, mwaka mzima wa kufundisha umepotea."

"Kumbe inakuwaje, Mwalimu?"

Akavuta kiti, akaeleza. Chai ikapoa. Mabati akayasahau.

Ndivyo walivyoanza. Miezi minane. Gwakisa alileta namba kwenye daftari la mistari, kila moja ameitoa kitabuni na kuihakiki mara mbili. Subilaga aliziandika kwenye programu. Wakaongeza urani inayokaa kimya kama jiwe lolote. Wakaongeza maji mazito, na grafiti inayopunguza mwendo wa nyutroni, na boroni inayozimeza. Wakaongeza madini ya risasi ya kuzuia mionzi, na seziamu inayoitoa. Siku ambayo tanuri lao la kwanza la nyuklia lilichemsha maji bila kulipuka, mvuke ukapanda taratibu kwenye kioo kilichopasuka, Gwakisa alisimama akapiga makofi peke yake kama mtu aliye kanisani. Tusekile alikuwa mlangoni.

"Hiki kitu," akasema, "niachieni mimi nikitangaze."

Mmoja aliandika. Mmoja alikagua. Mmoja alitangaza.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika daftari la Mwalimu palikuwa na namba ya chuma. Mionzi ya seziamu ikifika kwenye chuma, kwa unene wa chembe moja ya mchezo, kati ya miale mia, ishirini na tano tu hukwama, na sabini na tano hupita. Ndivyo chuma kilivyo. Lakini Tusekile alipowagawia wachezaji wachache waujaribu, walirudi wakilalamika. Wamejenga kuta za chuma, nzuri, zina milango na madirisha, na bado watu wadogo wanakufa mmoja mmoja nyuma ya kuta. "Mchezo wenu ni mgumu," waliandika. "Mchezo wenu unaua kila mtu." Na mmoja akaandika, "Naufuta."

Subilaga alisoma hayo mchana, kibandani, mteja amemsimamia kichwani akidai simu yake. Neno lile la kuufuta lilimuuma kuliko alivyotazamia. Akafungua programu, akatafuta mstari wa chuma, akafuta ishirini na tano, akaandika tisini na tisa. Watu wadogo wakaacha kufa.

Nitairudisha, alijiambia. Nitatafuta njia nyingine, kisha nitairudisha.

Hakuirudisha.

Jumamosi iliyofuata Gwakisa alikaa mbele ya laptopu kukagua kwa mara ya mwisho. Akaweka seziamu, akaweka ukuta mwembamba wa chuma, akaweka mtu mdogo nyuma yake. Mtu mdogo akasimama. Gwakisa akasubiri. Mtu mdogo akaendelea kusimama, akatembeatembea, akakaa. Subilaga, aliyekuwa akimimina chai, aliona shingo ya Mwalimu ikikaza. Akaiona kalamu yake ikishuka kwenye daftari, kwenye mstari wa chuma, ikatulia hapo. Akangoja aulizwe, alikuwa tayari kusema.

Ndipo Tusekile akaingia na fulana mpya. Fulana tatu za bluu, kila moja na alama ya mionzi, ile ya majani matatu, kifuani, na cheo mgongoni. Ya Gwakisa iliandikwa MKAGUZI WA NAMBA. Mwalimu akaishika mbele yake kama mtoto anavyoshika nguo ya sikukuu. Alipoiweka chini, daftari lilikuwa limefungwa.

"Iko sawa, Mwalimu?" Tusekile aliuliza.

"Iko sawa," alisema.

Subilaga akaendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Kilibaki kitu kimoja. Chini ya maelezo ya nyongeza yao, Subilaga alikuwa ameandika maneno haya: Huu ni mchezo, usiutumie kuamua jambo lolote la kweli. Tusekile aliyafuta. "Nani atanunua chai iliyoandikwa usinywe?" alisema. Mahali pake akaweka kwa herufi kubwa: KILA NAMBA HUMU NI YA KWELI. Subilaga aliyasoma. Uso ukamwaka. Akasema tu kwamba herufi ni kubwa mno.

Wakapeleka kazi yao kwenye maonyesho ya wabunifu. Ukumbi ulijaa. Mama Vyuma alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya, mkoba mapajani. Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza, "Namba hizi mna uhakika nazo?"

Gwakisa akachukua kipaza sauti. "Nimezikagua mwenyewe," alisema. "Moja baada ya nyingine."

Watu wakapiga makofi. Subilaga naye akapiga. Akamwona Mama Vyuma akisimama na kupiga vigelegele mpaka jaji akacheka, akamsikia akimwambia jirani yake, "Wale ni wanangu wote watatu." Wakapewa cheti. Kwenye cheti paliandikwa kwamba kimetolewa kwa usahihi wa kisayansi. Subilaga alikiona tu kwa mbali. Ilipofika zamu yake ya kukishika wapigwe picha, alisema mikono yake ina grisi.

Haukupita mwezi. Likaja lori pale yadini na vyuma kutoka kiwanda kimoja kilichofungwa miaka mingi. Katikati ya mabomba palikuwa na kitu kizito kama chungu, kimevikwa madini ya risasi, kimepasuka upande. Kilipogeuzwa kikadondosha kipande cha chuma, kidogo, kinang'aa, ukubwa wa betri ya redio. Kwenye chungu palikuwa na alama ya majani matatu, imefifia, na chini yake jina la seziamu kwa Kiingereza.

Mama Vyuma aliitambua. Akawafukuza vijana wake wawili wa kazi wakae mbali, akamwita binti yake. "Hii si ndiyo alama ya mchezo wenu?"

"Ndiyo, Mama. Tupige simu kwa wataalamu."

"Tutapiga. Lakini wakija watafunga yadi nzima, na lori la Tunduma la kuchukua vyuma linakuja wiki ijayo. Wewe si ndiye mjuzi? Niambie, tukikifunika na chuma kuna neno?"

Tusekile akampigia Subilaga.

"Shoga, nijibu haraka. Seziamu ukiiweka ndani ya sanduku la chuma, aliye nje anapona?"

Subilaga alikuwa na simu ya mteja imefumuliwa mezani. Alidhani ni swali la mchezaji, maana maswali ya namna hiyo Tusekile aliyaleta kila siku. "Anapona," alisema.

"Hata akikaa karibu kabisa?"

Subilaga akaiweka bisibisi chini. Angeweza kusema, ngoja, kuna kitu nilikibadilisha. Lakini Tusekile angeuliza tangu lini. Angeuliza kwa nini. Angeuliza mbona siku ya maonyesho ulinyamaza. Na mteja amesimama pale pale.

"Jaribu mwenyewe uone," Subilaga alisema, akakata simu.

Tusekile akajaribu. Akafungua mchezo kwenye simu yake, mbele ya mama yake, akaweka seziamu ndani ya sanduku la chuma, akaweka mtu mdogo kando. Wakamtazama, mama na binti, vichwa vimegusana. Mtu mdogo akasimama. Akatembeatembea. Akakaa.

"Yuko hai," alisema Mama Vyuma.

"Na kila namba humu ni ya kweli," alisema Tusekile.

Wakakishika kile kipande kwa koleo refu, wakakitia kwenye sanduku la chuma la vifaa, wakalifunga. Tusekile akalisukuma chini ya meza ya mama yake, mahali ambapo hakuna atakayeliiba. Mama Vyuma alikuwa na mguu wa kulia unaovimba akikaa sana, na daktari alimwambia auinue. Akaona sanduku limekaa kimo kizuri. Siku tisa alikaa pale akipokea wateja, mguu wake juu ya sanduku.

Siku ya kumi lori la Tunduma lilikuwa limekwisha kuja na kuondoka, na ngozi ya mguu ilikuwa nyekundu. Wiki iliyofuata ukatoka malengelenge, kama ya kumwagikiwa na maji ya moto, na maji ya moto hayakuwepo. Daktari akauliza, "Mama, umekaa karibu na nini?" Akaeleza. Daktari akatoka nje kupiga simu, hakufunga hata mlango.

Wataalamu wa mionzi walikuja na kifaa kinacholia. Kilianza kulia getini. Walilichukua sanduku wakalitia kwenye chombo chao, wakaizungushia yadi utepe, wakawapima vijana wawili na Tusekile. Hao walikutwa salama. Kisha mmoja wao akamwuliza Mama Vyuma kitandani, kalamu mkononi, "Nani alikwambia sanduku la chuma linatosha?"

Mama Vyuma akamtazama binti yake aliyesimama ukutani.

"Nilijiamulia mwenyewe," alisema.

Habari zilimfikia Subilaga kibandani, saa nne asubuhi, kwa mdomo wa muuza vocha. Nami nasikitika kuwaambia alichofanya. Hakukimbilia hospitali. Alifunga kibanda, akaiwasha laptopu aliyopewa na Mama Vyuma, akautafuta mstari wa chuma, akafuta tisini na tisa, akaandika ishirini na tano. Akapakia toleo jipya. Kwenye nafasi ya kueleza nini kimebadilishwa, aliandika: marekebisho madogo. Ndipo akanawa mikono akaenda kumwona mgonjwa, na kwa wasiwasi akasahau hata kununua matunda.

Kesho yake Gwakisa alikuja kibandani. Hakusalimia. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nimepakua toleo jipya," alisema. "Chuma kimerudi ishirini na tano."

Subilaga aliendelea kufungua skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kufunguka.

"Ulijua, Mwalimu?"

"Tangu ile Jumamosi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema moyoni kwamba ni mchezo tu. Nikasema nitakuuliza tukiwa wawili. Kisha ile fulana." Akajishika magoti. "Na wewe mbona hukusema?"

Mteja akainama dirishani akitaka protekta ya simu. Subilaga akaibandika, akaifuta mapovu kwa kadi, akarudisha chenji, na muda wote huo Gwakisa alikaa pale akitazama mikono yake mwenyewe. Mteja alipoondoka Mwalimu akasimama.

"Twende tumwambie Tusekile," alisema Gwakisa.

Walimkuta kwenye benchi la korido, hajachana nywele, mdomo wake ule umekauka. Subilaga akasema yote. Alianza vizuri, akafika kwenye ile simu akashindwa, akaanza tena. Tusekile alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe nilimwonyesha mama yangu uongo," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Nikamwambia ni kweli kwa sababu ninyi mliniambia ni kweli."

"Uliniuliza kama mchezaji," Subilaga alisema. "Hukusema kuna kipande cha kweli. Na mimi niliandika onyo, wewe ukalifuta."

"Nami ningekagua nini," Gwakisa akaanza, "kama aliyeandika ananificha..."

"Uliona!" Subilaga akapaza sauti. "Uliona ukafunga daftari!"

Mlango wa wodi ulifunguka, muuguzi akaweka kidole mdomoni. Wakanyamaza. Na katika kimya hicho wakamsikia Mama Vyuma, yule wa kusimamisha lori, akilia ndani kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikika. Kila mmoja akageukia upande wake.

Madaktari walipigania mguu ule wiki nyingi. Mwishowe waliukata chini ya goti.

Subilaga aliiondoa nyongeza yao mtandaoni. Mahali pake akaandika ukweli wote: namba gani, lini, nani aliibadilisha, nini kilitokea. Gwakisa alikirudisha cheti kwa mikono yake, akasimama mbele ya jaji yule mwenye miwani akaeleza, na jaji akakipokea bila kumtazama, jambo lililomuuma kuliko kama angemtukana. Tusekile alimwambia mama yake, siku alipopata nguvu ya kukaa, "Mama, lile sanduku ni kosa letu sisi watatu." Mama Vyuma aligeuza uso ukutani. Kwa siku nyingi hakutaka kumwona yeyote kati yao. Chakula cha binti yake alikila, lakini alitaka kiletwe na mtu mwingine.

Kisha siku moja mchana akawaita.

Wakaja wote watatu, wakasimama nje ya mlango wa wodi, wamevaa nguo safi kama watu wanaokwenda msibani. Muuguzi akatoka.

"Mama amesema aingie mmoja," alisema.

"Mmoja?"

"Mmoja. Nawapeni maneno yake kama alivyosema. Amesema: nguvu ya kusamehe niliyo nayo leo ni ya mtu mmoja. Nikiwasamehe watatu kwa pamoja nitakuwa sijamsamehe yeyote, kila mmoja atatoka hapa na theluthi. Aingie yule ambaye kosa ni lake kuliko wenzake. Alitaje kwa mdomo wake mbele ya mguu wangu, nami nitamsamehe. Wengine warudi nyumbani. Siku nikiweza nitawaita, na nisipoweza, wasinilaumu."

Muuguzi akarudi ndani.

Wiki kadhaa nyuma, kwenye benchi lile lile, kila mmoja alikuwa amemsukumia mwenzake. Sasa Gwakisa alikuwa wa kwanza kupiga hatua.

"Ni mimi," alisema. "Ninyi hamkujua ukubwa wa jambo. Mimi nilijua. Miaka kumi nafundisha mionzi ni nini na inafanya nini kwenye mwili. Kazi yangu humu ilikuwa moja tu, kukagua, na niliona, nikanyamaza kwa ajili ya fulana. Kisha nikasimama mbele ya ukumbi mzima nikasema nimekagua. Mama alikuwa mstari wa mbele. Aliyemwaminisha ni mimi. Anayekosea bila kujua na anayekosea akijua, yupi mkubwa?"

"Kaa hapo, Mwalimu," alisema Tusekile. "Kosa lenu ninyi liko kwenye mchezo. Langu mimi liko kwenye mguu wake. Onyo nililifuta mimi. Maneno yale makubwa niliyaandika mimi, bila kujua hata maana ya namba moja kati ya zile. Chungu nilikiona, alama nikaiona, nikaambiwa tungoje kupiga simu nikakubali. Sanduku nililisukuma chini ya meza kwa mguu wangu huu, mzima. Na yule aliyelala mle ni mama yangu. Ninyi mlimkosea mtu. Mimi nimemkosea aliyenizaa."

Uso wa Subilaga ulikuwa umeinama kama kawaida yake, akitazama vidole vyake vilivyozoea skrubu.

"Namba ni yangu," alisema. "Isingekuwa ile namba, Mwalimu asingekuwa na la kunyamazia, na wewe Tusekile ungemwonyesha Mama mtu mdogo anakufa, naye angelikimbia lile sanduku. Ninyi mlikosa mara moja, mkaishia hapo. Mimi niliandika uongo. Nikapigiwa simu, nikausikia uongo wangu unaulizwa, nikaulinda. Na nilipojua umeunguza mguu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kujificha. Niliifuta namba kwenye laptopu aliyoniokotea yeye." Akainua kichwa. "Niacheni niingie."

Aliposema hivyo alihisi haya mpya ikimpanda, mbaya kuliko zote zilizotangulia. Maana alijua kilichoko nyuma ya mlango ule ni msamaha, na upo wa mtu mmoja tu. Alijiuliza kama anaomba kuingia kwa kuwa kosa ni lake, au anaomba kwa kuwa amechoka kulibeba na anataka kulitua kabla ya wenzake. Akawatazama. Akaona kwenye macho ya Gwakisa, akaona kwenye macho ya Tusekile, kwamba nao wanajiuliza hilo hilo. Na kwamba yeyote atakayerudi nyumbani leo atarudi nalo, pengine mpaka kufa.

Mmoja aliandika akabadilisha. Mmoja alikagua akanyamaza. Mmoja alitangaza akaamini.

Mlango ukafunguka tena. Muuguzi alikuwa amebeba sinia la dawa kwa mikono miwili, ameushikilia mlango kwa kiwiko, na hakuweza kuushikilia muda mrefu. "Mama anangoja," alisema. "Nani?"

Hapo ndipo waliponiachia mimi walionisimulia, nami hapo nawaachia ninyi. Msitazamane. Wewe uliyekaa karibu na mlango anza, na wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa Mwalimu alipofunga daftari, nataka kukusikia pia. Mlango umeshikiliwa kwa kiwiko, mwanamke amelala ndani na nguvu ya kumsamehe mtu mmoja, na watu watatu wamesimama nje.

Je, nani alistahili kuingia?